Mama Mtalaka na Vitabu vya Utotoni: Kitale Mbili katika Usomaji wa Riwaya ya Kiswahili

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umemshughulikia mwanamke kwa muda mrefu. Tangu miaka ya 1970 wahakiki wamemtazama kama mke, kama kahaba, kama mfanyakazi, kama kielelezo cha tabaka linalonyonywa. Hata hivyo yuko mwanamke mmoja ambaye hutajwa kwa kupita tu, naye ni mama aliyeachana na mumewe, kisha akaendelea kuishi, akafanya kazi na kulea. Mke anayeteswa ndani ya ndoa amepata wahakiki wengi, na mjane amepata wake. Mtalaka mwenye watoto hutokea katika hadithi, akaumia, halafu hadithi ikamwacha njiani na kumfuata mtu mwingine.

Makala haya yanakusudia kuuliza ni kwa nini hadithi humwacha. Hayatahesabu ni mara ngapi mama huyo anatokea. Yataangalia anafanywa nini na lugha, anafanywa nini na utanzu wa nasaha, na anafanywa nini na muundo wa riwaya. Vitabu vitakavyojadiliwa ni vile vilivyosomwa na kupendwa na watoto na vijana wa shule katika Kenya ya magharibi, hasa Bungoma na Kitale, katika miaka ya 1990 na iliyofuata.

Yafaa msomaji aelezwe mapema kwamba mwandishi wa makala haya ni binti wa mama wa namna hiyo. Mama yangu alitoka Bungoma akiwa na mtoto mmoja wa kike, akawaacha wana wawili wa kiume kwa baba yao kama desturi ilivyotaka, akapanga chumba mjini Kitale na kuishi kwa cherehani. Huenda msomaji akaona kwamba habari hizi si za jarida la idara. Jibu ni kwamba kila mhakiki husoma akiwa mahali fulani. Aliyesoma Utengano akiwa mwana wa ndoa iliyotulia naye alisoma akiwa mahali fulani, ila hakuombwa kupataja. Ushahidi wa nyumbani utatumiwa hapa pale tu unapotoa hoja ambayo kitabu chenyewe kinaweza kuipima.

Lugha ya talaka

Tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiko mtoto anakoanzia. Katika Kiswahili mume huoa na mke huolewa. Ndoa ikivunjika, mume huacha na mke huachwa. Mume hutaliki na mke hutalikiwa. Kiambishi -w- cha kauli ya kutendwa humpokea mwanamke mlangoni mwa ndoa na kumsindikiza hadi mlango wa nyuma. Jambo hili limekwisha kusemwa na wanaisimu, na halihitaji kurudiwa kwa urefu. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba baada ya kitenzi hicho lugha haina la kumwambia. Kifo kimetupa majina mawili yaliyo wazi, mjane na mgane. Talaka imetupa mtalaka, neno linalowafaa wote wawili, lakini ni nadra kulisikia likisemwa juu ya mwanamume.

Zipo kauli zinazojaribu kumpa mwanamke utendaji. Twasema aliomba talaka, au alidai talaka. Hapo mwanamke ndiye kiima, lakini tendo lake ni ombi, na mwenye kutoa ni mwingine. Twasema pia waliachana. Kauli hii ya kutendana ina adabu, na majirani huipenda kwa sababu hiyo. Ila hufuta swali la nani alitenda nini, hata pale ambapo jibu linajulikana na kijiji kizima.

Usemi unaosikika zaidi magharibi mwa Kenya ni amerudi kwao. Usemi huu unachukulia kwamba mwanamke ana mahali pawili tu duniani, kwa mume na kwa wazazi, na kwamba akitoka pa kwanza lazima awe pa pili. Mama aliyehamia mji wa tatu hana usemi wake. Hajarudi kwao, wala hayuko kwake kwa maana ambayo jamii ingeitambua. Kwa hiyo binti wa mama huyo hujifunza mapema kwamba sentensi ya kueleza anakokaa mama yake haijatungwa, na huingia katika vitabu akiitafuta.

Nasaha za mama na nasaha za baba

Katika fasihi ya Kiswahili utanzu uliokusudiwa kumfunza binti ni nasaha za mzazi. Kielelezo chake kikuu ni utenzi uliotungwa na Mwana Kupona binti Mshamu mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyeupinga utawala wa Seyyid Said, naye alitunga akiwa mgonjwa. Anamwagiza bintiye awaridhishe watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume, na katika hao watano mume ndiye anayepata beti nyingi. Utenzi huo ulipotolewa kwa Kiingereza na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934, ulipewa jina la wasia juu ya wajibu wa mke, na kwa miaka mingi ukasomwa hivyo. Ann Biersteker, katika makala ya mwaka 1991, alipendekeza usomaji mwingine: kwamba sauti ya mama huyo ina kejeli na ujanja, na kwamba anamfundisha bintiye jinsi ya kujitawala ndani ya nyumba inayodhaniwa kutawaliwa na mume.

Vyovyote tutakavyousoma, jambo moja linabaki. Ndoa anayoijua Mwana Kupona ilikatwa na kifo, na mama anayesema ana heshima ya mjane. Mamlaka yake ya kumnasihi binti yanatokana na kuwa mke aliyefaulu.

Karibu karne moja baadaye, Shaaban Robert aliuchukua utanzu huo na kuugeuza. Baada ya kufa kwa mkewe Amina, aliwatungia watoto wake tenzi mbili, Hati kwa ajili ya binti na Adili kwa ajili ya mwana wa kiume. Sasa ni baba anayemnasihi binti, kwa sababu mama hayupo. Hapa pia ndoa imekatwa na kifo, na mnasihi anaweza kuisifu bila kujikana.

Je, mama mtalaka anaweza kunasihi? Utanzu haukumwekea kiti. Akimwambia bintiye amtii mume, binti atauliza kimoyomoyo mbona yeye yuko Kitale. Akimwambia asiolewe, jamii nzima itamgeuka. Katika utanzu ambao uzito wa neno hutokana na mafanikio ya ndoa, mtalaka ni bubu kwa sharti la fani yenyewe. Ndiyo maana, nadhani, akina mama wa aina hii walinasihi kwa njia nyingine: kwa hadithi za watu wengine.

Rafu moja Kitale

Ili hoja hii ieleweke, ni lazima mji wa Kitale uelezwe. Kitale haukukua kutokana na ukoo mmoja. Ulikuwa kitovu cha mashamba ya walowezi walioigawana ardhi ya Trans Nzoia, hasa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na reli iliufikia mwaka 1926. Waliofanya kazi katika mashamba hayo walitoka pande nyingi: Wabukusu, Waluo, Wakikuyu, Waturkana, pamoja na Wasabaoti na Wapokoti wa eneo hilo. Baada ya uhuru, skimu za makazi na kampuni za kununua ardhi zilileta wengine zaidi. Bungoma, upande wa kusini-magharibi, ni nchi ya ukoo, yenye wazee wanaojua ng'ombe wa mahari walitoka boma gani na kwenda boma gani. Kitale ni mji wa wapangaji. Mwanamke asiye na mume angeweza kulipa kodi ya chumba bila kuulizwa kwanza yeye ni wa nani, naye angesema na jirani kwa Kiswahili kwa sababu hapakuwa na lugha nyingine waliyoijua wote wawili.

Kiswahili hicho ndicho kilicholeta vitabu. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa mwishoni mwa shule ya msingi. Kuanzia hapo mzazi aliyetaka mtoto wake afaulu hakuweza kukipuuza kitabu cha Kiswahili, na mitumba ya vitabu ikapata soko kandokando ya njia za miji midogo. Wapo waliokuwa na sababu nyingine ya kuona kitabu kuwa kitu cha nyumbani. Kwenye njia ya Bungoma kwenda Kitale msafiri alipita Webuye, penye kiwanda cha karatasi kilichoanza uzalishaji katika miaka ya 1970 na kusimama mwaka 2009. Watoto wa njia hiyo walijua harufu ya karatasi kabla ya kujua kusoma.

Rafu ya nyumbani kwetu ilikuwa ubao mmoja juu ya cherehani. Palikuwapo Hekaya za Abunuwasi, Mashimo ya Mfalme Suleimani katika tafsiri ya mwaka 1929, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, na vitabu vya kiada vilivyofunikwa kwa karatasi ya kaki. Mtu akivitazama leo kwa jicho la uhakiki ataona kwamba vilikuwa vitabu vya wanaume wasafiri. Katika Mashimo wanaume wanamtafuta ndugu aliyepotea na hazina. Katika Adili na Nduguze, mgogoro mkuu ni wa ndugu watatu wa kiume, na kiini chake ni wivu na msamaha. Mama ndani ya vitabu hivi ni mtu wa ukurasa wa mwanzo.

Lakini mtoto hasomi peke yake. Vitabu hivi vilisomwa kwa sauti, binti akisoma na mama akishona, naye msikilizaji alikuwa na haki ya kukatiza. Mfano mmoja unatosha. Katika Hekaya za Abunuwasi kimo kisa cha sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria, anairudisha pamoja na kijisufuria akisema imezaa, na mwenyewe anapokea kwa furaha. Anaazima tena, na safari hii anasema imekufa. Mwenyewe anapokataa, anaambiwa kwamba aliyekubali kuwa sufuria huzaa hana budi kukubali kuwa hufa. Kwa kawaida kisa hiki hufundishwa kama dhihaka juu ya tamaa. Mama yangu alikisikia kama kisa cha mahari. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake walikuwa wamezaa katika boma la wazazi wake, na yeye alikuwa amezaa katika boma la mumewe, na pande zote mbili zilifurahi. Ndoa ilipokwisha, ghafla hakuna aliyekuwa tayari kuamini. Wazee wakaanza kuhesabu. "Watu hawa," alisema bila kuinua mguu kwenye kanyagio la cherehani, "walikubali ndoa kuzaa. Mbona wanakataa ndoa kufa?"

Huu ni usomaji mzuri, na hausimami kwa sababu tu ya aliyeusema. Unaheshimu mantiki ya kisa: hoja ya Abunuwasi ni kwamba anayepokea faida ya fumbo amefungwa nalo hata linapomletea hasara. Unakitoa kisa sokoni na kukipeleka kwenye baraza la ukoo, mahali ambapo mantiki hiyohiyo inawabana watu wengine. Na unamwezesha mama mtalaka kunasihi bila kujifanya mke aliyefaulu. Alichomfundisha bintiye ni kwamba ndoa ni kitu chenye uhai, kinachozaa na kinachoweza kufa, na kwamba kufa kwake hakumaanishi kwamba haikuwahi kuwapo.

Mama anayeondolewa

Tukitoka kwenye hekaya na kuingia katika riwaya, tunakuta mama amekuwa mhusika kamili zaidi, lakini mahali pake katika muundo hapajabadilika sana. Vladimir Propp, katika utafiti wake wa ngano za Kirusi wa mwaka 1928, aliweka kuondoka kwa mmoja wa jamaa kuwa tendo la kwanza la ngano, na kifo cha wazazi kuwa namna kali zaidi ya kuondoka huko. Mzazi akibaki nyumbani, mtoto hana sababu ya kutoka, na mtoto asipotoka hakuna hadithi. Ngano zetu za yatima na mama wa kambo hufuata njia hiyo, na riwaya ya Kiswahili imeirithi.

Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976, Aziza anapuuzwa na mumewe Fuad, kisha anakufa, naye Rehema anaingia mikononi mwa mama wa kambo na kuanza safari zake. Riwaya hii ni kali juu ya mali na rangi, na huruma ya mwandishi kwa Aziza haina shaka. Hata hivyo Aziza ni lazima aondoke ili Rehema awe mtu.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, inatukaribia zaidi, kwa sababu ndani yake talaka yenyewe ndiyo tukio. Maksuudi amewafungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna. Tamima anaposhikwa na uchungu wa kuzaa, mkunga anaingizwa katika nyumba hiyo iliyofungwa, na matokeo yake ni kipigo na talaka. Ni vigumu kupata katika riwaya zetu tukio linaloonyesha kwa ukali zaidi jinsi mwili wa mwanamke unavyoweza kuwa kosa. Maimuna naye anatoroka na kuishia katika ulevi na ukahaba mjini.

Wahakiki wengi wamelieleza anguko la Maimuna kuwa matunda ya malezi ya kufungiwa, na wamelilinganisha na la Rosa katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Ulinganisho huo ni wa haki. Katika riwaya zote mbili baba mkali anazalisha kile alichokiogopa. Lakini angalia kinachompata Tamima. Baada ya talaka, kalamu inamfuata binti. Tungependa kujua mtalaka huyo aliamkaje siku ya pili, alikula nini, alimwambia nini jirani, alimkumbukaje binti aliyepotea. Mambo haya hayakosekani kabisa, lakini yako pembeni, na msomaji huyapata kwa kuyatafuta. Talaka katika Utengano ni mlango unaofungwa kwa mama na kufunguka kwa binti.

Haisemwi hapa kwamba mwandishi alikosea. Riwaya ina mada yake, na Utengano ina haki ya kuwa riwaya ya Maimuna. Tunachosema ni kwamba binti wa mtalaka anayesoma Utengano shuleni anapewa mafunzo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, lililo wazi, ni kwamba baba dhalimu huvunja nyumba. La pili, lisilosemwa, ni kwamba binti wa mama aliyeachwa hupotea. Mwalimu hufundisha la kwanza na mtoto huondoka na yote mawili.

Siku Njema na Kitale mbili

Kitabu kilichopendwa kuliko vyote katika rafu zilizofuata ni Siku Njema cha Ken Walibora, kilichotolewa mwaka 1996 na baadaye kutahiniwa katika shule za sekondari. Mwandishi wake alizaliwa mwaka 1964 upande wa Bungoma na kukulia Trans Nzoia. Jina lake la ukoo lilikuwa Waliaula, ambalo aliligeuza kuwa Walibora, kwa kuwa aula katika Kiswahili ni bora. Alifariki jijini Nairobi mwezi Aprili 2020. Kwa watoto wa Kitale, riwaya hii ilikuwa na raha ya pekee: kwa mara ya kwanza mji wao ulikuwamo katika kitabu cha Kiswahili, tena si kama jina katika orodha bali kama mwisho wa safari.

Kongowea Mswahili analelewa Tanga na mama yake, Zainabu Makame, mwimbaji mashuhuri wa taarabu. Zainabu si mtalaka kwa maana kamili ya neno. Ni mama anayelea pasipo baba wa mtoto kuwapo, na anayeishi kwa sauti yake, kama alivyoishi Siti binti Saad aliyetoka Fumba na kufika hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo. Mama huyo anakufa, mtoto anateseka mikononi mwa jamaa, kisha anavuka mpaka kumtafuta baba, na njia inamfikisha Kitale.

Mpangilio huu unapendeza, na vijana wengi walilia waliposoma. Msikilizaji wa cherehani hakulia. Tulipofika penye kifo cha Zainabu aliuliza: "Kwa nini lazima mama afe ndipo mtoto aanze safari? Hangeweza kumwacha akiimba, aende, arudi amkute?" Wakati ule binti wa darasa la saba hakuwa na jibu. Leo naona kwamba swali hilo ndilo alilolieleza Propp bila kulijibu. Muundo humtaka mama afe kwa sababu mama aliye hai angebaki kuwa kiini cha nyumba, na safari ya kumtafuta baba ingegeuka kuwa safari ya kumwacha mama. Riwaya inauepuka mgogoro huo kwa kaburi.

Hapa ndipo Kitale inapokuwa mbili. Katika Siku Njema, Kitale ni mahali ambapo mwana anakwenda kulipata jina la baba. Kwa watalaka waliotoka Bungoma, Kitale ilikuwa mahali ambapo mtu angeweza kuishi bila jina la mume. Mji uleule, kwa sifa zilezile, yaani ugeni, Kiswahili na vyumba vya kupanga, ni kikomo cha utafutaji kwa mmoja na mwanzo wa uhuru mdogo kwa mwingine. Kongowea alikuja Kitale kwa sababu baba yake alikuwako. Sisi tulikuja Kitale kwa sababu baba yangu hakuwako. Binti aliyeisoma riwaya hii katika mji huo aliisoma kinyumenyume, akianzia pale Kongowea alipomalizia. Naamini kwamba kuipenda namna hiyo ni kuipenda kweli: riwaya iliutia mji katika ramani ya Kiswahili, na kwa kufanya hivyo ikampa msomaji mahali pa kusimama ili aulize maswali ambayo yenyewe haikuyauliza.

Usomaji huu wa kinyume unaonyesha pia kitu kuhusu jinsia ya safari. Mwana wa kiume anayemtafuta baba anatafuta urithi, hata kama hapati shamba. Kwa desturi, binti hana urithi wa kutafuta. Kaka zangu walibaki Bungoma kwa sababu walikuwa wa pale. Mimi niliruhusiwa kuondoka kwa sababu ningeondoka siku moja hata hivyo. Desturi iliyomdharau binti ndiyo iliyomwacha na mama yake. Riwaya ya kumtafuta baba ina historia ndefu katika lugha nyingi. Riwaya ya binti aliyeachiwa mama, kwa sababu hakuna aliyemdai, bado haijaandikwa kwa Kiswahili kwa kiwango inachostahili.

Dalili za mabadiliko

Si haki kusema kwamba hakuna kilichobadilika. Katika Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, ya mwaka 2014, iliyosomwa na vijana wengi wa sekondari, yumo Selume, muuguzi ambaye ndoa yake imevunjwa na chuki za kikabila zilizofuata uchaguzi. Selume anaendelea kuishi. Ana kazi, ana maneno, na wahusika wengine humtegemea. Muundo haukumuua ili mtu mwingine aanze safari. Ni kweli kwamba riwaya hiyo ina familia nyingi zilizovunjika, naye Selume ni mmoja kati ya wengi. Lakini mlango ambao Utengano iliufunga nyuma ya Tamima, hapa umeachwa wazi.

Walibora mwenyewe, katika miaka ya 2010, alitoa tawasifu aliyoiita Nasikia Sauti ya Mama. Jina hilo lina uzito kwa hoja yetu. Mwandishi aliyewahi kumwondoa mama mwimbaji ili mwana asafiri alirudi, alipokuja kueleza maisha yake mwenyewe, na kuweka sauti ya mama juu ya jalada, tena kwa kitenzi cha wakati uliopo. Anayesikia, hata hivyo, ni mwana wa kiume. Shaaban Robert aliandika Maisha Yangu, na Walibora akaandika yake. Rafu ya tawasifu za Kiswahili zilizoandikwa na wanawake wa bara ni fupi mno.

Hitimisho

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Kwa desturi methali hii hufafanuliwa kuwa mtoto hufuata mwenendo wa mama. Lakini anayebebwa mgongoni huona kisogo tu, na haoni uso. Riwaya zetu nyingi zimeandikwa kutoka mgongoni. Zinaijua shingo iliyoinama, mzigo na jasho. Zinamhurumia mama kwa moyo wote. Kisha mtoto anashushwa chini, anakwenda zake, na uso haukuonekana.

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba hali hiyo haitokani na ukosefu wa huruma kwa waandishi. Inatokana na lugha isiyo na sentensi ya mahali anapokaa mtalaka, na utanzu wa nasaha unaodai ndoa iliyofaulu kuwa kibali cha kusema, na muundo wa safari unaomtaka mzazi aondoke. Mambo haya matatu yanaweza kuchunguzwa na idara zetu kwa zana tulizo nazo. Linalohitaji juhudi zaidi ni la nne: kuukusanya uhakiki uliofanywa majumbani na wanawake waliosomewa vitabu vya shule na watoto wao, wakavipinga au kuvigeuza. Uhakiki huo ulikuwa wa mdomo, ulifanywa kwa Kiswahili cha miji kama Kitale, na wenyewe wanazeeka. Tumekwenda vijijini kurekodi ngano na nyimbo zao kwa miaka mingi, lakini hatujawauliza walifikiri nini juu ya Siku Njema.